Viola na Baiskeli ya Marehemu

Watu wa soko la Konyo Konyo hapa Juba wana midomo, na mimi ni mmoja wao. Kwa hiyo nitasema habari za Viola kama nilivyoziona kwa macho, si kama zilivyopikwa na wauza chai.

Viola ni wa kabila la Wabari, wa mtaa wa Juba Na Bari, ila alikulia ukimbizini Uganda. Ndiyo maana Kiswahili chake na changu, mimi niliyetoka hukohuko, vinasikilizana. Meza yake ya mboga inagusana na meza yangu ya samaki wakavu. Maneno yake ni machache, kichwa chake ni kigumu. Mume wake, Gune, alikuwa akileta kudra, yaani mboga za majani, kutoka bustani za Rajaf ng'ambo ya mto, kwa baiskeli nyeusi yenye keria kubwa. Gune analeta, Viola anauza, watoto wanakula. Kisha Gune akaugua, macho yakawa manjano, na mvua ya kwanza ikamkuta kaburini.

Kwao mtu akifa vitu vyake havigawiwi siku ya mazishi. Hungojewa karama, ile sala na chakula cha kumaliza msiba. Siku hiyo vitu vya marehemu hutolewa nje, vinapangwa kwenye mkeka, na wanaume wa nyumba wanagawana mbele ya wazee. Mpaka siku hiyo mjane avae nyeusi, akae chini, aongee polepole.

Viola alikaa chini kidogo tu. Watoto hawali nguo nyeusi. Akainuka, akachukua baiskeli ya Gune, akaanza kwenda Rajaf mwenyewe. Kupanda alijua kidogo, alijifunza utotoni kule kambini kwenye uwanja wa mpira. Lakini barabara ya Rajaf si uwanja wa mpira. Ni mawe, mchanga, na mashimo yanayoweza kuficha mbuzi. Ukiweka gunia la kudra nyuma, baiskeli inanyanyua pua kama punda aliyekasirika. Basi alikuwa anaisukuma njia nzima. Akifika sokoni jua limeshawaka, kudra imelala, na wateja wamenunua kwa wengine. Wanaume wengine wanaoleta kudra kwa baiskeli wangeweza kumletea, lakini walimpa zilizobaki chini ya gunia, na kicheko juu yake.

Siku moja akaja Cirillo, kaka mkubwa wa Gune. Alisimama mbele ya meza, mikono mfukoni.

"Shemeji," akasema, "hiyo baiskeli inaumwa? Kila siku nakuona unaisindikiza."

Viola akaendelea kufunga mafungu yake.

"Karama ni Jumapili ijayo. Wazee tumeshaongea. Baiskeli anapewa mtu anayepanda. Wewe unatembea nayo tu, kama ng'ombe."

"Na wewe utaipeleka Rajaf?"

"Nitaipeleka ninakotaka."

Sisi wote tunajua Cirillo anakotaka. Baiskeli yake mwenyewe alishaiuza akainywa, tairi kwa tairi. Nikamwambia, "Baba, baiskeli ya pili si itakuletea kiungulia?" Akaniangalia vibaya. Acha aniangalie. Samaki wangu ananunua kwa deni, mimi simwogopi.

"Na nikiipanda?" Viola akauliza.

Cirillo akacheka mpaka akakohoa. "Wewe? Mjane? Na nyeusi?" Akaondoka anacheka. Alipofika kona ya mafundi viatu bado tulimsikia.

Wiki hiyohiyo redio ikatangaza kambi ya wanawake chini ya Jebel, ule mlima wetu. Siku tatu, kufundishwa kuendesha baiskeli za milimani, kwenye mawe na miteremko, baiskeli wanaleta wao. Soko zima likacheka. Eti milimani! Juba ina milima mingapi, si ule mmoja? Viola peke yake hakucheka.

"Rajaf ni nini kama si mawe?" akaniambia. "Mama Edrine, utaniangalizia meza?"

"Na wakija wale ndugu wa mume kukuuliza, niseme umekwenda kusali?"

"Sema nimekwenda kujifunza baiskeli. Kwa nini udanganye kwa ajili yangu?"

Siku ya pili ya kambi sikuweza kuvumilia. Nikampa jirani meza mbili aangalie, nikamwita Arthur, kijana wetu wa boda kutoka Masaka, anipeleke Jebel. Arthur alicheka njia nzima. "Mama, mimi iko na pikipiki na hata mimi naogopa ile mawe. Sasa wanawake watafanya nini kule?" Nikamwambia aangalie barabara.

Pale chini ya Jebel nilikuta wanawake wa kila namna. Wasichana wa shule, mwalimu mmoja, wawili wa kanisa la Buluk, na katikati yao Viola na nguo yake nyeusi. Ilikuwa imepandishwa, imefungwa kiunoni kwa kamba, na chini yake suruali ya Gune imekunjwa mpaka magotini. Suruali ya marehemu! Nikaficha mdomo kwa kiganja. Pembeni wale akina mama wanaoponda kokoto walikuwa wameacha nyundo zao, wamekaa juu ya marundo yao kama watu waliolipia kiingilio.

Kocha wao alikuwa msichana wa Kidinka anaitwa Adit, mrefu kama nguzo ya stima, aliyekulia Nakuru. Anaongea haraka, Kiswahili chake cha Kenya kina vijiwe ndani.

"Akina mama, msikae! Simama kwa pedali. Magoti yafunguke, viwiko nje. Macho mbele, si kwa jiwe. Ukikodolea jiwe macho, utalipanda tu. Haya, Mama Viola, shuka. Pole pole na breki."

Magoti yafunguke. Sasa mwambie hivyo mwanamke ambaye tangu aolewe amebebwa upande kwenye keria, miguu imebanwa pamoja ili watu wasiseme. Niliona magoti ya Viola yanatafutana. Baiskeli ikashuka na yeye amekauka juu yake kama kuku kwenye kamba. Hapo akashika breki. Mnajua baiskeli zetu. Fundi wa Juba kitu cha kwanza anachotoa ni breki ya mbele, anasema inaua. Hizo za nyuma zinazobaki zimekufa nusu, kwa hiyo tumezoea kuziminya kwa nguvu zote kama tunakamua blanketi. Viola akakamua blanketi. Lakini ile ya kambini breki ya mbele ilikuwa hai. Gurudumu likasimama palepale. Viola hakusimama.

Akapaa juu ya usukani na nguo yake nyeusi imefunguka kama mwavuli, akatua kwenye mchanga.

Wale wa kokoto walipiga kelele. "Mjane amemfuata mume wake!" mmoja akasema, na wengine wakashikana mabega kwa kicheko.

Viola akainuka, mdomo umejaa mchanga, akatema. Akawageukia. "Nimemkuta," akasema. "Amesema nirudi, baiskeli bado ni yake."

Kicheko kikabadilika. Hata mimi nilicheka mpaka machozi. Adit alikuwa amefika mbio, anamshika kichwa. "Mamangu, uko sawa? Kaa kidogo."

"Sikuja kukaa. Nionyeshe hiyo breki."

"Kidole kimoja tu. Kimoja! Kama unamgusa mtoto, si kama unamnyonga mtu."

Alirudia ule mteremko mpaka nikachoka kumwangalia. Mara hii magoti, mara hii macho, mara hii aliweka mguu chini akajitukana mwenyewe kwa Kibari. Niliporudi sokoni, kanga yangu imejaa vumbi, Cirillo alikuwa amesimama kwenye meza ya Viola anamngojea.

"Nimesikia," akasema. "Anacheza na baiskeli huku kaka yangu hajafanyiwa karama. Na amevaa suruali yake! Suruali hata haijagawiwa!"

"Unaitaka?" nikamwuliza. "Nitamwambia aifue kwanza."

Siku ya mwisho Viola alifika Jebel na baiskeli ya Gune, ile nyeusi yenyewe. Haya alinisimulia Arthur, ambaye sasa alikuwa anakwenda kila siku bila mteja na bila aibu. Adit aliizunguka ile baiskeli. "Hii ni chuma tupu. Na wewe unataka ibebe mzigo kwa mawe?" Akasema hajawahi kufundisha kitu kama hicho, lakini akafunga breki ya mbele aliyoitoa kwenye mfuko wake wa vyuma. Kisha wale mama wa kokoto, walewale, wakajaza gunia kokoto, wakalifunga kwenye keria kwa kamba zao wenyewe. Adit akakimbia ubavuni, ameshika kiti. Viola alianguka na kokoto zikamwagika. Wakazizoa, wakajaza tena. Alipofika chini bila kuweka mguu, Arthur anasema mama mmoja wa kokoto alirusha nyundo yake juu, ikawa karibu imuue yeye Arthur.

Jumapili ya karama nilikwenda Juba Na Bari mapema kusaidia kupika. Uwanja ulikuwa umefagiwa, viti vya plastiki vimepangwa, mama mkwe wake Viola amekaa kwenye kigoda karibu na masufuria. Mkeka ulikuwa umetandikwa. Kiti cha Gune cha kukunja, shoka lake, redio, viatu, vyote vimewekwa juu yake. Viola hayuko. Baiskeli haipo.

"Ameiba," Cirillo akasema. Alikuwa ameshaanza kunywa. "Mzee Lukudu, si nilisema? Mjane ameiba baiskeli siku ya karama ya mume wake."

Mzee Lukudu, baba mdogo wa marehemu, ndiye mkubwa wa kugawa. Akasema tungoje sala iishe. Sala ikaisha. Mama mkwe alikuwa analalamika kwamba kudra haijaletwa, nyama itakwenda na nini.

Ndipo tukasikia kengele.

Njia ya kutoka mtoni kupanda kwao ni mbaya, mizizi na mifereji ya maji ya mvua. Wanaume hushuka hapo na kusukuma. Viola hakushuka. Alikuja amesimama kwenye pedali, gunia la kudra limemzidi upana, jasho linamtiririka, nguo nyeusi imefungwa kiunoni mbele ya wazee wote na padri. Akaingia uwanjani, akapita kati ya viti, akaja kusimama pembeni ya mkeka. Mguu mmoja chini, mwingine kwenye pedali. Makalio yakakaa kwenye kiti cha baiskeli, yakabaki hapo.

"Shuka," Cirillo akasema.

"Gaweni."

"Shuka kwanza, tuiweke kwenye mkeka na vingine."

"Vingine viko hapo. Gaweni vingine."

Mzee Lukudu akageukia mkeka. Kisha akaanza. Shoka akapewa Cirillo. Kiti akapewa binamu. Redio, viatu, kila kitu kikapata mwenyewe. Jua linachoma. Viola hakusogea, mikono yake kwenye breki. Cirillo akaja akashika usukani.

"Mjane hapandi juu ya mali ya watu."

"Shemeji," Viola akasema, sauti yake ya chini ileile ya sokoni, "ukitaka kunishusha, nishushe. Mbele ya padri, mbele ya mama yako. Halafu upande wewe, na gunia hili, urudi nalo mpaka darajani tu. Ukifika, baiskeli chukua."

Cirillo aliangalia ule mfereji aliopanda Viola. Akaliangalia gunia. Mtu mmoja nyuma akacheka. Sitasema alikuwa nani.

"Mzee, sema kitu," Cirillo akasema.

Kabla mzee hajafungua mdomo, mama mkwe akapiga mwiko kwenye ukingo wa sufuria. "Nyinyi! Kudra yangu inanyauka juani kwa sababu yenu! Cirillo, toa mkono hapo."

"Mama, baiskeli ya—"

"Nani kaileta kudra? Wewe?"

Cirillo akatoa mkono. Mzee Lukudu akakohoa, akasema kwa sauti ya kugawa, ileile aliyotumia kwa shoka na redio: "Baiskeli kwa Viola." Kisha akaomba maji ya kunywa.

Hapo tu ndipo aliposhuka. Akashikilia kiti cha baiskeli, mimi nikamshika kiuno. Alikuwa ananuka jasho na majani mabichi. "Fungua kamba, Mama Edrine," akaniambia, "mimi vidole havikunjuki tena." Nikafungua gunia, tukakaa chini sote wawili, tukaanza kuchambua kudra.