Tanga la Igoki na Kamba za Mbuzi

Kule chini Mbeere, ambako maji ya bwawa yalifunika mashamba ya zamani na miti mikavu bado imesimama majini kama nguzo za boma lililohamwa, hakuna asiyemjua Igoki, mama yake Winrose. Ni mwanamke mwembamba, wa maneno machache, na hayo machache yana pilipili. Shuleni hakuwahi kupelekwa; baba yake alisema mbuzi hawawezi kujichunga. Alisuka vyondo tangu utotoni, na vidole vyake vilijua kamba kabla ya kujua kitu kingine chochote.

Mumewe, Mwaniki, alijifunza kuendesha mashua kwa mvuvi mmoja aliyetoka Nyanza. Mashua yao waliijenga pamoja. Mbao zilinunuliwa kwa pesa za vyondo vya Igoki, na tanga lilikuwa turubai la kuanikia mtama, ambalo alilikata na kulishona kwa mkono wake. Yule mvuvi aliwaonya kwamba upepo ukizidi, tanga halishindani nao, linafupishwa. Basi Igoki akatoboa mistari ya matundu upande wa chini, akayazungushia uzi yasichanike, akaning'iniza vikamba vya katani. Upepo ulipokaza, walishusha tanga kiasi, wakakunja ule upande wa chini, wakaufunga kwa vikamba, na mashua ikaendelea na tanga dogo. Kwa miaka mingi walivusha watu na mizigo yao hadi soko la ng'ambo, upande wa Ukambani, wala hakuna kuku aliyelowa.

Kisha Mwaniki akaugua kifua, akafa. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi Njuki, mdogo wa marehemu, alipoidai mashua. Ukoo ukaketi. Mzee Gatakaa, aliyeongoza kikao, alisema mjane ana jiko lake na mbuzi wake, vinamtosha; chombo cha kazi ni cha wanaume. Hakuna aliyeuliza tanga lilishonwa na nani. Tangu siku hiyo Igoki akawa analipa nauli kupanda mashua yake mwenyewe. Aliketi mbele, karibu na mlingoti, vyondo magotini, mgongo kwa shemeji yake ili asiuone uso wake. Alitaka kitu kimoja tu duniani, arudishiwe mashua ile, na kila alipolitaja jambo hilo watu walicheka kana kwamba ameomba arudishiwe ujana.

Njuki alivikata vile vikamba. Alisema tanga lake si sketi ya mcheza ngoma. Upepo yeye aliukabili jinsi watu wa kwetu wanavyoukabili, yaani kwa mawe. Nyumba zetu za mabati tunaziwekea mawe juu ya paa lisipeperuke, na Njuki akaona mashua nayo ni nyumba. Ukifika msimu wa upepo alirundika mawe chini ya miguu ya abiria, na abiria wakaridhika, maana nyumbani kwao walifanya vivyo hivyo.

Siku moja ya soko, mwezi wa Agosti, mashua iliondoka imejaa. Kulikuwa na wanawake na ndengu zao, na mzee Gatakaa mwenyewe alikuwa na mbuzi wanne wa kuuza. Nelius, muuza maembe mwenye mdomo mrefu, alimuuliza Njuki kama mawe nayo yanalipa nauli, na watu wakacheka.

Walipofika katikati, hakuna aliyecheka tena. Vumbi lilinyanyuka ukingoni, maji yakageuka meusi, na upepo ukaja wote kwa mara moja. Tanga likajaa hadi mlingoti ukalia. Mashua ikalala ubavu, na kwa vile mawe yalikuwa yameididimiza, kila wimbi liliingia ndani. Njuki akapiga kelele watu waketi chini, wakae kama mawe. Mtu mmoja akataka tanga liangushwe lote wapige makasia, lakini upepo ulikuwa ukiwasukuma kwenye ile miti mikavu, na bila tanga wangetundikwa huko kama nguo.

Igoki akasimama pale mbele alipozoea kuketi, akaushika mlingoti.

"Shemeji, geuza pua ya mashua iangalie upepo. Tanga niachie mimi."

"Ukiligusa, leo utaogelea na wewe."

"Njuki," akasema mzee Gatakaa, maji yamemfika magotini, "geuza."

Njuki akageuza. Tanga likapoteza upepo, likaanza kupigapiga kama kuku aliyekamatwa. Igoki akalegeza kamba, akalishusha mpaka kiunoni. Mkono wake ukaenda penye vikamba vyake na kukuta matundu matupu. Akamgeukia mzee.

"Nipe kamba za mbuzi."

Mzee akazifungua mwenyewe. Wanawake wakawabana mbuzi kati ya magoti. Nelius, aliyekuwa na mbuzi mapajani na mwingine akitafuna leso yake, alisema tangu aolewe hajawahi kukumbatiwa hivi. Igoki akakunja tanga, akapitisha kamba tunduni, akafunga, akahamia tundu la pili. Kamba zilipoisha alikata mkanda wa kiondo chake na kumalizia. Huku nyuma wengine walikuwa wakimwaga mawe ya Njuki majini na kuchota maji kwa sufuria.

Tanga likapanda tena, fupi, limekazwa. Mashua ikainuka. Ikatulia, ikakata maji, ikaipita ile miti mikavu na kuiacha mbali. Igoki alikwenda nyuma, akaunyoosha mkono, na Njuki akamwachia usukani.

Soko lilipokwisha, Njuki alishuka majini, akaishika mashua kana kwamba hakuna lililotokea. Abiria walibaki wameketi mchangani. Nelius alisema hapandi mpaka mama Winrose apande kwanza. Njuki akamtazama mzee Gatakaa.

"Mama Winrose," mzee akaita, "mashua hii ni ya nani?"

"Mzee, swali hilo ungeliuliza siku ya kikao."

"Kweli. Siku ile sikuuliza. Naliuliza leo mbele ya watu hawa."

"Ni yangu."

"Basi ni yako. Ukoo utalisikia kutoka kinywani mwangu, na asiyetaka aje aniulize mimi."

Igoki hakushukuru. Mtu hashukuru kwa kupewa chake. Alipanda, akakaza kamba moja iliyolegea, akaketi penye usukani. Abiria wakapanda mmoja mmoja, na wa mwisho alikuwa Njuki, ambaye hakuwa na njia nyingine ya kufika nyumbani. Alisimama ukingoni akipapasa mfuko, akauliza nauli ni ile ile.

Mbuzi mmoja wa mzee alikuwa hajauzwa, na kamba yake ilikuwa tangani. Igoki akamwonyesha Njuki mahali pa kuketi, pale mbele karibu na mlingoti.

"Leo usilipe," akasema. "Mshike mbuzi."