Majani Aliyoyasuuza Tun Yi

Mdogo wangu Tun Yi ni mfumaji wa hariri hapa Amarapura, nchini Myanmar. Karakana yao ina mitambo kumi na miwili inayolia kutwa, na kila mfumaji anaijua sauti ya mtambo wa mwenzake. Wa Tun Yi ulikuwa ukinyamaza mara nane, mara tisa kwa siku.

"Bwana harusi kaenda tena kumwona bibi harusi!" wenzake walipiga kelele kila alipokimbilia choo cha uani.

Alicheka nao. Hawakujua kwamba anatoa damu. Mkewe mwenyewe, Nwe Aye, alikuja kujua baada ya mwaka mzima.

Mimi nilikuwa sijui lolote. Siku tuliyomzika mama, jeneza likiwa linainuliwa, Tun Yi aliachia upande wake akatoweka. Mjomba akaushika. Alirudi kaburi limeshafukiwa, kikoi chake kimelowa maji.

"Mama alikubeba miezi tisa," nilimwambia mbele ya watu. "Wewe umeshindwa kumbeba hatua mia?"

Aligeuka akaenda zake. Tukakaa miaka miwili bila kusemeshana, na kati ya nyumba zetu kuna ua wa mianzi tu.

Katika miaka hiyo alikonda. Mtaani walisema amechanganya vyakula, maana kila mkahawa wa chai una picha ukutani za vyakula visivyoliwa pamoja. Nwe Aye akampeleka Mandalay. Daktari wa huko, mwanamke, akamwambia utumbo wake umevimba na una vidonda. Ugonjwa huo hauponi, ila unaweza kulazwa usingizi ukalala miaka. Vidonge ni kila siku, hata siku anayojisikia mzima. Kuhusu chakula alimpa daftari.

"Usifuate orodha ya mtu mwingine," alimwambia. "Andika ulichokula na tumbo lilivyojibu. Tumbo lako ndilo litakufundisha."

Basi akaandika. Wali uliolainika, boga lililomenywa, ndizi mbivu, mchuzi wa samaki usio na mafuta mengi: tumbo likatulia. Pilipili, ufuta na maharage ya kukaanga hakuviweza kabisa ugonjwa ukiwa macho. Alikula kidogo kidogo, mara tano kwa siku. Miezi saba mtambo wake ulinyamaza mara mbili tu kwa siku, na yule bibi harusi akasahauliwa.

Kisha akajiona amepona, akaacha vidonge. Ugonjwa ukaamka. Hakumwambia mtu, na mimi hayo yote nilikuja kuyajua baadaye.

Wiki hiyohiyo dada yetu, Mya Khin, alituita kwake, akaweka sinia katikati.

"Leo mtakula," alisema. "Nimechoka mimi kubeba maneno yenu kama punda."

Kwetu waliogombana hula majani ya chai yaliyochachushwa, kutoka sinia moja. Wakishakula, jambo limekwisha na hakuna wa kulifufua. Asiyekula ametaka ugomvi uendelee.

Niliyachanganya kwa mkono wangu: majani, maharage ya kukaanga, vitunguu saumu, ufuta, pilipili. Nikala kijiko changu, nikamsogezea sinia. Tun Yi akachukua jani moja kwa vidole, akalichovya kwenye kikombe cha maji ya moto, akalikung'uta ufuta wote ukatoka, ndipo akalitia mdomoni.

"Unaosha nini?" nikamwuliza.

"Si kitu, kaka."

"Mkono wangu mchafu?"

"Hapana, kaka. Ni tumbo tu."

"Tumbo! Hilo tumbo na siku ya mama lilikuwepo?"

Nilikuwa nimeshasimama, ndara moja mguuni.

"Kula basi, mdogo wangu," Mya Khin akambembeleza. "Kijiko kimoja tu, kitakuua?"

Akakitazama kijiko. Kisha akachota, kikajaa, akatafuna. Tuliyasikia maharage yakivunjika. Akachota na cha pili.

"Yamekwisha, kaka?"

"Yamekwisha," nikasema, nikampiga mgongoni kwa furaha.

Siku ya tatu Nwe Aye aliniita uani akilia. Tun Yi alilazwa siku kumi na moja, akaongezwa damu mara mbili.

"Ugonjwa ulishaamka tangu alipoacha vidonge," daktari aliniambia. "Chai haikuuanzisha. Lakini tumbo lenye vidonda halipewi maharage makavu."

Kwenye ukumbi wa hospitali Nwe Aye akanieleza ya siku ya maziko. Kikoi kilikuwa kimelowa damu, na Tun Yi alikimbilia mtoni kukifua ili asimfikie mama akiwa mchafu. Halafu akanipa daftari. Ukurasa wa mwisho uliandikwa: "Majani ya chai, vijiko viwili, na maharage. Kaka amefurahi."

Sasa anafuma nusu siku. Vidonge anameza. Asubuhi tunasalimiana juu ya ua, na nikianza tu kusema, "Mdogo wangu, siku ile..." ananikata.

"Tulishakula, kaka. Yale yamekwisha."

Hana hasira. Ndivyo desturi ilivyo, na sinia nililisogeza mimi. Kwangu haji kula. Kila siku mbili napika uji wa mchele na boga nililolimenya vizuri, nampa Nwe Aye ampelekee. Sufuria hurudi imeoshwa. Sijawahi kumwuliza kama uji unaliwa.