Shangazi Alivyomchora Fundi

Shangazi yangu alipostaafu ukarani, wenzake walimpa saa ya ukutani. Hakuitaka. Alichoondoka nacho kwa furaha ni boksi la fomu zilizopitwa na wakati, nyuma nyeupe pe, na juu ya fomu hizo akaanza kuchora mtaa. Kila asubuhi hukaa kwenye benchi la fundi viatu, penseli moja mkononi na nyingine kaichomeka kwenye nywele, ambayo huitafuta siku nzima. Watu wanamwita Bi Penseli. Huchora chochote kipitacho: muuza ndizi akigombana na mizani yake, bwana aliyevaa suti akijitazama kwenye kioo cha gari la watu. Huchora upesi, na huruma hana.

Benchi lile ndilo maisha yake. Kuta za nyumbani, husema, hazina habari. Kwa hiyo nilishtuka Jumanne moja nilipomkuta jikoni saa nne asubuhi, anamenya viazi ambavyo hakuna aliyeviomba.

"Nimefukuzwa benchini," akasema.

Kisa ni mchoro mmoja. Alikuwa amemchora fundi kalala fofofo, mdomo wazi, nyundo magotini, na nyuma yake mkewe kainamia kiatu, anashona. Kinyozi wa jirani akaupenda, akaubandika ukutani kwake. Kufikia adhuhuri mtaa mzima ulikuwa umekwenda kunyoa, hata wenye vipara.

"Bi Penseli, umenichora," fundi alimwambia.

"Ndiyo, nimekuchora. Si ndiyo kazi yangu?"

"Sio hivyo. Umenichora mbele za watu. Umeniumbua."

Sharti lake lilikuwa moja: amfungue macho na kumshikisha nyundo, la sivyo asikanyage pale tena. Shangazi alikuwa na kifutio mfukoni. Tangu jana alikuwa akikishika na kukiacha.

"Sasa ukimfungua macho utapungukiwa nini?" nikamuuliza. "Shangazi, ni mistari miwili tu."

"Mistari miwili ya uongo, mwanangu. Lakini benchi langu nalitaka." Nikaona haya kwa kuuliza.

Saa sita akajikaza, tukaenda. Akaubandua mchoro kwa kinyozi, akaketi ukingoni mwa benchi kama mgeni, akatoa kifutio. Fundi akajiweka sawa, kifua mbele, macho kayakodoa ili yachorwe vizuri.

"Usifute," akasema mkewe.

Sikuwa nimewahi kuisikia sauti yake. Wala hakuinua kichwa; alimaliza mshono kwanza, akakata uzi kwa meno.

"Miaka kumi na minane nashona hapa," akaendelea. "Jana ndiyo mara ya kwanza mteja kunishukuru mimi. Alikuwa ameniona kwa kinyozi."

Fundi akamgeukia. Akakitazama kile kiatu, kisha vidole vya mkewe. Shangazi alikuwa bado kashika kifutio hewani.

Mara akaja mama mmoja na sandali iliyokatika mkanda.

"Samahani, fundi yupo?"

"Yupo," akajibu fundi, akasogea pembeni kumpisha mkewe mbele. "Ni huyu hapa. Mimi nilikuwa nimelala."