Mama Tembo wa Bahari ya Kusini

Harufu ya unga wa mahindi ya njano, ule tuliouita yanga, hata leo haijanitoka puani. Miaka ile ya Ujamaa mvua ilikataa, maduka ya Mwanza yakabaki na chumvi na viberiti, na sisi wa mtaa wa Pasiansi, mama na mabinti zake wawili, tukawa tunaishi kwa unga huo wa foleni. Baba alikuwa ameshafariki.

Chumvi ilifungwa kwa kurasa za magazeti ya Ulaya. Siku moja ikaja na picha ya minyama minene imelala ufukweni, dume lina pua kama mkonga uliokatwa. Dada Koku, aliyekuwa sekondari, akanisomea kwa madaha: hao ni tembo wa bahari, wanazalia kusini kabisa mwa dunia, kwenye visiwa vya mawe na baridi. Mama ananyonyesha bila kula chochote. Mtoto ananenepa, mama anakonda. Akishakonda sana anajitosa baharini, anaenda zake, mtoto anabaki ufukweni peke yake.

Jamani, nilikufa ganzi. Mama yetu naye alikuwa hali chakula. Kila akipakua alisema, "Kuleni wanangu, mimi nimeshaonja jikoni," na gauni lilikuwa limeanza kumpwaya. Na ziwa lilikuwa pale pale, mteremkoni chini ya nyumba.

Basi nikaamua kutonenepa. Nikagoma kula. Mama alibembeleza, akanichapa, akaenda kwa jirani kuulizia dawa ya mtoto aliyerogwa. Miguu ilipoanza kunitetemeka, alikaa chini akalia kilio cha mtu aliyeishiwa. Ndipo nikasema, "Ukimaliza kukonda utatuacha. Kula kwanza wewe."

 Mama akakata tonge akala mbele yangu, akakata jingine, machozi yanamtoka. Nikala na mimi. Nilijiona nimemwokoa mama.

Kuanzia jioni ile Dada Koku akawa akirudi anasema amekula shuleni, anajilaza na kugeukia ukutani. Nilimwonea wivu kweli.

Miaka ikapita, nikafaulu, nikapelekwa shule ile ile aliyosoma dada. Kengele ya mchana ilipolia niliuliza wanapikia wapi, wenzangu wakanicheka. Shule ile haikuwahi kuwa na jiko. Njaa niliyomtua mama nilikuwa nimemtwisha dada yangu, naye hakunung'unika hata siku moja.