Bi Joto na Sungura wa Shemeji

Daktari mmoja wa wanyama aliitwa na wenzake Bi Joto, naye aliitika bila kununa. Jina alilipata kwa kuwa hakuna mnyama aliyelala mezani pake bila kupimwa joto kwanza. Ng'ombe na farasi aliwaachia wengine. Raha yake ilikuwa sungura, simbilisi na watoto wa paka. "Mnyama mdogo hupoa kama chai kwenye kisahani," alipenda kusema.

Asubuhi moja ya mvua, mlango wa zahanati ulisukumwa kwa bega. Aliyeingia ni shemeji yake, mume wa mdogo wake, fundi wa kuchomelea mageti, pande la mtu. Kifuani amekumbatia taulo linalochuruzika maji.

"Shemeji, nimekwisha! Ametumbukia kwenye pipa la maji. Sijui amekaa humo tangu saa ngapi."

Ndani ya taulo alikuwamo sungura mweupe, amelegea kama tambara la deki.

"Si ulisema humtaki, ni wa watoto?"

"Utani baadaye, shemeji."

Macho ya fundi yalikuwa mekundu, na si kwa moshi wa kazi. Bi Joto akashika kipimajoto. Nyuzi ishirini na saba. Sungura mzima huvuka thelathini na nane. Moyo ulidunda kwa kusuasua, pumzi zikija mojamoja. Alimkausha, akampitishia mrija mwembamba wa oksijeni kooni, akampangia chupa za maji ya uvuguvugu kifuani na tumboni, miguu akaiacha ili kiwiliwili kipate moto kwanza. Kisha akavuta matone ya damu kwenye mshipa wa sikio, akampa muuguzi wake, aliyeitwa Kifaru kwa unene wa shingo, ayatie kwenye mashine ya kupima gesi za damu.

Kifaru akakunja uso. "Daktari, hewa ya ukaa iko juu mno. Hapumui vya kutosha huyu. Niminye mfuko wa hewa, tumharakishe pumzi?"

Swali lilikuwa la haki. Kwa sungura mwenye joto lake, jibu lingekuwa ndiyo, tena upesi.

"Ngoja. Mashine huipasha damu mpaka nyuzi thelathini na saba, ndipo ipime. Soda ya baridi ukiifungua inatulia, ya moto inakurukia usoni, na gesi ni ileile. Damu ya huyu imetoka kwenye friji." Akabonyeza vitufe, akaiambia mashine joto halisi la sungura. Namba ikashuka, ikakaa mahali pake. "Umeona? Mwili uliopoa unatengeneza hewa chafu kidogo, hizo pumzi chache zinamtosha. Tukimpulizia mbio tutaifagia yote, na moyo wake hautaki vurugu sasa hivi."

"Na oksijeni? Inasomeka vizuri."

"Hiyo nayo isituzuge. Mwilini mwake ni pungufu ya inavyosomeka, na damu baridi huing'ang'ania, haiiachii kirahisi. Mtungi usifungwe."

Fundi akashika kichwa. "Kwa hiyo tunakaa tu?"

"Tunampasha polepole, shemeji. Vuta kiti."

Sauti yake ilikuwa imetulia, maana njia hii aliijua, na alijua pia kwamba hatari iko kwenye kurudi kwa joto. Nyuzi zilipanda kidogokidogo, mpaka sungura akaanza kutetemeka. Misuli ilikuwa imeingia kazini, lakini kifua kilikuwa bado kinajivuta. Damu ikapimwa tena, joto lake likahesabiwa, na safari hii hewa ya ukaa ilikuwa imepanda kweli.

"Sasa, Kifaru. Fuata pumzi zake."

Lile jitu likaminya mfuko kwa vidole viwili, laini kama anayeshika yai.

"Si ulikataa asisaidiwe?" fundi alinong'ona.

"Nilikataa wakati ule. Sasa mwili umeamka, mapafu bado yanasinzia."

Kabla ya adhuhuri masikio yalikuwa yamepata moto. Sungura akaanza kuutafuna mrija. Bi Joto akauchomoa, akacheka. Fundi alipomnyanyua, alipigwa teke la kidevu lililomtoa machozi, au yalikuwa yanatafuta kisingizio tu.

"Leo hii hii nalichomelea lile pipa mfuniko," aliapa.

"Uache na nafasi ya kuchotea maji, mdogo wangu asije akakufukuza."

Bi Joto alikuwa ameshaanza kunawa mikono. "Haya, nani anafuata?"