Shati Nne za Marehemu

Iko siku moja, mwanangu, hata leo nikiikumbuka naweka mkasi chini kwanza. Wewe unaniona hapa na upara wangu, nacheka na kila mtu, unafikiri mimi siogopi kitu. Siku ile niliogopa mpaka nikapungua kilo ishirini kabla ya chakula cha mchana. Haya, cheka kidogo, halafu sikiliza.

Nilikuwa bado fundi kijana, niko na cherehani yangu kwa baraza hapa Makindye, nashona sare za shule. Simu za kupangusa ndiyo zilikuwa zimeanza kufika kwa watu kama sisi. Binti ya dada yangu akaniwekea kwa simu gazeti moja la ng'ambo, la blanketi za vipande. Wanachukua vitambaa vidogovidogo, wanaunga, vinakuwa nyota na maua. Mimi shule niliiona kwa dirisha tu, Kiingereza sisomi, lakini picha nasoma kuliko profesa. Nikashona moja rahisi kwa mabaki ya sare, nikaitundika barazani. Watu walisimama kuangalia mpaka boda zikakosa njia. Nikajiona mimi ndiye mwenye gazeti.

Ndiyo akaja Mama Akello. Mume wake alikuwa sajini hapo kambi ya jeshi, amekufa miezi michache tu. Gwanda zilirudishwa kambini. Vitu vingine ndugu wa mume walibeba vyote wakaenda navyo kwao Gulu. Yeye alikuwa ameficha shati nne za nyumbani chini ya godoro. Akaziweka kwa meza yangu moja moja, kama mtu analaza mtoto.

"Fundi, hizi ndizo nimebaki nazo," akasema. "Nifanyie blanketi ya kitanda. Ijumaa nakuja."

Nikamwambia hata kesho akija ataikuta. Mdomo huu, mwanangu. Na shati zilitosha, maana sajini alikuwa mtu mnene, kwa shati yake moja ungeweza kufunika lori.

Nikachagua kwa gazeti nyota ya ncha nane. Inataka vipande vya aina mbili: vya umbo la kashata, ndiyo miale, na miraba ya kujaza katikati ya miale. Unachapisha pateni, ile michoro ya vipande, kwa karatasi, unakata karatasi, halafu unaifuata kwa kitambaa. Ukurasa wa kashata nilichapisha Jumatatu kule Wandegeya. Umeme ukapotea, kwa hiyo ukurasa wa miraba nikachapisha kesho yake, duka lingine. Dada wa kompyuta akaniuliza kama apunguze ili iingie vizuri kwa karatasi. Sikujua anauliza nini. Nyuma yangu wanafunzi wa chuo kikuu wamepanga laini, nikaona haya kusema sijui. Nikamjibu kama bosi: punguza, nyabo, dada yangu, iingie vizuri.

Kwa pembe ya kila ukurasa kulikuwa na kimraba kidogo na maandishi. Nikafikiri ni urembo.

Sasa, sisi watu wa sare za shule hatukati kipande kimoja kimoja. Tunapanga kitambaa juu ya kitambaa kama chapati, tunakata mara moja. Hivyo ndivyo nilivyofanya. Shati nne zikaisha kwa saa moja tu, na mimi napiga mluzi.

Nikaunga kashata nane, nikaleta mraba wa kwanza. Haufiki. Nikavuta. Haufiki. Nikaleta wa pili, wa tatu, wa kumi. Kila mahali nyota inabaki na pengo, kidole kinapita. Mluzi ukafia mdomoni. Jasho lilinitoka, ningeweza kuogesha ng'ombe.

Ilikuwa Jumatano. Kutoka hapo kila mwanamke aliyepita barabarani alikuwa Mama Akello. Simu ikilia, naiweka chini ya kitambaa kama kuku anaatamia. Mara mbili niliingia chini ya meza, na mara ya pili ilikuwa ni mama wa kuuza ndizi. Nikafikiria kambi, nikafikiria rafiki za marehemu wanakuja na lori zima kunichukua. Lakini mwanangu, si hao hasa nilikuwa naogopa. Niliogopa uso wa Mama Akello siku atakapouliza shati ziko wapi.

Alhamisi nikakimbia soko la Owino. Shetani alinishika mkono kabisa. Nikazunguka kwa milima ya shati za mitumba mpaka nikapata mbili zinazofanana na za sajini, mistari ileile ya bluu. Nikarudi nimezikumbatia. Pale barazani nikamkuta Hajati Sauda, bibi wa Kinubi aliyenifundisha kushika sindano. Akaangalia shati, akaangalia vipande, akaniambia nieleze. Nikaeleza huku nauma ulimi.

Hakupiga kelele. Alichukua rula, akaiweka juu ya kile kimraba cha pembeni. Karatasi ya kwanza, inchi moja kamili. Karatasi ya pili, haikufika inchi. Kumbe kimraba kiliwekwa ili upime kama mashine imebadilisha kipimo. Halafu akanyoosha kidole kwa shati za Owino.

"Wewe mtoto, unataka kumfunika mjane na shati ya mwanaume mwingine?"

Mwanangu, ningechapwa viboko mia ningepona haraka kuliko neno lile.

Akaniambia nisingoje Ijumaa. Nikaweka vipande vyote kwa mfuko, nikapanda kilima kwenda kwa Mama Akello. Miguu ilikuwa mizito kama nimevaa viatu vya saruji. Nikamwambia yote mlangoni, hata ya Owino. Yeye akakaa chini, akatoa vipande. Akaanza kunionyesha: hiki marehemu alivaa Pasaka. Hiki alivaa siku alipombeba mtoto wao Akello kutoka hospitali. Mimi nangoja kofi, na kofi haliji, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

"Iko yote?" akauliza.

"Yote, Mama. Hata nyuzi sijatupa."

"Basi shona ndogo. Lakini utashona nikikuangalia."

Akaja akakaa kwa benchi yangu siku tatu. Nikakata kashata upya, moja moja, ziendane na miraba. Nilijidunga vidole vyote kumi na vingine nilivyoazima. Blanketi ilitoka ndogo, kutoka kifua mpaka magoti. Aliikunja, akaiweka kwa pua, akavuta pumzi ndefu, akaenda nayo.

Kwa hiyo wewe uliye na simu yenye magazeti elfu, sikia. Kabla ya kukata, weka rula kwa kile kimraba, kila ukurasa. Jaribu kwanza kwa kitambaa cha bure. Ukiulizwa usichoelewa, sema sielewi, hata kama nyuma yako wamepanga maprofesa. Na ukiharibu kitu cha mtu, usimpelekee kingine ukasema ni kilekile.

Mungu akupe macho mazima na vidole vizima, akupe watu wa kukuamini. Na siku utakayokosea, maana utakosea, akupe miguu ya kwenda kwao kabla wao hawajaja kwako.