Simu ya Mzee Bado Inalia

"Elfu sita zangu ziko wapi?"

"Shosho, zilirudi Nairobi. Namba uliyoandikisha ni ya marehemu."

Nilikuwa kwenye foleni ya ofisi ya kilimo pale Kibirichia, nikifuatilia mbolea, na hasira zangu zilikuwa zimeshapanda. Mama mzee aliyekuwa mbele yangu, akibishana na karani dirishani, alipanda viazi mwaka ule wa korona, malori yakazuiwa kwenda Nairobi, mavuno yakaozea shambani. Serikali ikaahidi shilingi elfu sita kwa kila mkulima, zitumwe kwa simu. Yeye aliandikisha namba ya mumewe, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa na simu moja. Mzee akafa kabla pesa hazijatumwa.

"Laini ya mtu aliyekufa haiwezi kupokea kitu," karani akasema.

"Ipigie."

Karani akacheka, akapiga. Simu ikalia ndani ya sweta ya mama. Akaitoa polepole, akaiweka sikioni huku akimtazama karani machoni.

"Haloo. Mzee hayuko. Mimi ni bibi yake, sema."

Karani akakata simu, akaanza kupanga karatasi zilizokuwa zimepangwa tayari. "Na mbona hukuifunga hiyo laini, shosho?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Kila mwezi naiwekea salio la shilingi ishirini isikatwe. Watu bado wanampigia kumuuliza mambo ya mbegu. Nawajibu vile angewajibu."

Mimi shule sikufika mbali, lakini hii naielewa. Viazi vilioza kweli, aliyevipanda yuko hai, na simu inapokelewa. Mlipeni elfu sita zake.